Siku Dakika Alipompita Dada Yake

Ukitaka kumjua mtu huyu, chelewa basi lake. Fika uwanjani saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja asubuhi, utakuta vumbi tu limebaki hewani, na mwanamke wa dirishani atakuambia kwa upole kwamba gari la pili linaondoka saa nane mchana, unaweza kukaa kwenye benchi ukitaka. Ndiyo maana watu wa njia ile ya vumbi, vituo kumi na tisa kutoka uwanjani kwake mpaka mjini, hawakumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Dakika. Hata barua ya ofisi ya leseni iliwahi kuja imeandikwa hivyo juu ya bahasha, na ikafika.

Kampuni yake ilikuwa na muhuri, kwa hiyo ni haki kuiita kampuni, lakini yote ilikuwa mabasi mawili na uwanja nyuma ya nyumba. Basi la kwanza aliliendesha mwenyewe. La pili lilikuwa la Mpole, mtu wa makamo ambaye hakuwahi kumpigia mtu honi kwa hasira. Kondakta wa basi la kwanza alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyebandikwa jina la Redio kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo. Na mke wa Dakika ndiye aliyekuwa ofisi. Alikaa kwenye chumba chenye dirisha lililotobolewa ukutani, akakata tiketi, akapokea vifurushi, akajibu simu, akaandika saa za kuondoka ubaoni, na fundi alipoleta maneno mengi kuhusu breki, yeye ndiye aliyetandika gunia chini na kuingia uvunguni mwa gari kujionea. Watu walimheshimu Dakika. Mkewe walimwogopa.

Gari la njia kama ile halibebi watu tu. Lilibeba funguo zilizosahauliwa, dawa, miwani, viatu vinavyotoka kwa fundi, na zaidi ya vyote lilibeba habari. Msichana akichumbiwa asubuhi kituo cha pili, kufikia saa sita shangazi zake wa kituo cha kumi na nne walikuwa wameshanuniana kuhusu nani atapika. Redio alidai nauli hata kwa kuku, lakini habari aliisafirisha bure.

Dakika naye alikuwa na jambo moja lililomvimbisha kichwa. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kumpita mtu aliyenyoosha mkono kituoni. Kama hukuwepo, shauri lako. Lakini kama ulikuwepo, hata gari liwe limejaa mpaka mlangoni, alisimama akakuambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba limejaa na akakuomba radhi. Mtu anaweza kujivunia mambo mabaya kuliko hilo.

Sasa tuje kwenye ugomvi, ambao ulikuwa wa kipuuzi kama ugomvi mwingi wa ndugu. Dada yake mkubwa alikuwa fundi cherehani, akikaa kituo cha saba, karibu na daraja. Huyu ndiye aliyembeba Dakika mgongoni wakati mama yao yuko kibaruani, na ndiye aliyempeleka chuo cha udereva kwa kushona sare za shule usiku na mchana. Basi la kwanza lilipopakwa rangi upya, dada alijifungia miezi miwili akashona vitambaa vya viti arobaini na viwili, vya maua mekundu na ukingo wa kijani. Vilipendeza wiki moja. Maua mekundu na barabara ya vumbi havipatani, na mvua zilipoanza viti vikafanana na magunia. Dakika akavivua, akaweka plastiki ambayo unaifuta kwa kitambaa chenye maji, basi. Hapo hapakuwa na kosa. Kosa ni kwamba hakumwambia, na siku moja dada alikuja uwanjani bila taarifa akamkuta Mpole anafuta mikono yenye grisi kwa maua mekundu.

"Hicho ni nini?" dada aliuliza.

"Kitambaa tu, dada," alijibu Mpole, asijue anachokisema.

Dada hakupaza sauti. Alimgeukia mdogo wake mbele ya benchi zima la abiria. "Miezi miwili ya mgongo wangu mnafutia grisi. Kuanzia leo mimi na wewe salamu basi." Akaondoka, na kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kuondoka, aliondoka kwa basi la pili. Vituo vyote kumi na tisa vilikuwa na habari kabla hajafika kwake.

Wiki tatu zikapita bila salamu. Jumanne ya wiki ya nne dada alikuwa na miadi hospitali ya mjini kwa ajili ya goti lake lililovimba, miadi aliyoingoja miezi miwili. Alikuwa amekula kiapo hatakanyaga tena gari la mdogo wake, ila goti halikushirikishwa kwenye kiapo hicho, na gari la asubuhi lilikuwa hilo hilo moja. Akafika kituoni mapema, akaegemea fimbo yake. Basi lilipotokea kwenye kona, akanyoosha mkono.

Basi likapunguza mwendo. Dakika akageuza uso, akatazama pale pale dada aliposimama. Kisha akabadilisha gia akaenda zake.

Hapa ndipo watu wema walipokosea. Siku nyingine yoyote mtu angekaribia kupitwa, gari zima lingepiga kelele, na Redio angegonga bodi kwa kiganja mpaka likasimama. Lakini Redio alikuwa viti vya nyuma akivutana na godoro na mwenye godoro. Abiria wengine, watu thelathini wazima wenye midomo yao, walimwona dada kituoni, wakamwona Dakika akimtazama, wakakumbuka habari ya maua mekundu, wakatazamana. Wakaona haya ni mambo ya watu wa tumbo moja, na mtu wa nje hatii mkono. Mama mmoja alifungua mdomo. Mumewe akamgusa, akaufunga.

Dakika aliporudi saa sita mchana, simu ilikuwa imeshamtangulia. Mkewe alitoka ofisini, jambo ambalo hakulifanya kwa kitu kidogo, akasimama kwenye mlango wa dereva.

"Umempita dada yako."

"Wapi?"

"Unaniuliza wapi? Kituo cha saba, fimbo mkononi na mkono juu. Amerudi nyumbani anachechemea, na miadi imekwenda na maji. Wamempa nyingine ya wiki ijayo baada ya kuwabembeleza sana."

Dakika hakuwa ameona mtu. Alikumbuka vizuri: alipunguza mwendo, akageuka, jua la asubuhi lilikuwa limelala juu ya kioo, na pale kituoni palikuwa na weupe mtupu. Redio hakugonga bodi. Hakuna aliyepiga kelele. Akajua hakuna mtu.

"Nakuuliza, baba," mkewe alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ulimwona au hukumwona?"

Lilikuwa swali la huruma. Mama wa watu alikuwa anamfungulia mumewe mlango wa kutokea, na mlango huo ndio pekee ambao mumewe hakuweza kuupita.

"Nilimwona," alisema Dakika. "Si alisema salamu basi?"

Mkewe alimtazama kama anayemtazama mtu aliyepanda gari lisilo lake. Akarudi dirishani kwake, na siku ile chai ya mchana Dakika alijimiminia mwenyewe.

Ukweli ni huu. Zaidi ya mwaka sasa macho yake yalikuwa yanamtoroka. Yalianza kwa ukungu mdogo, akalaumu kioo, akakiosha. Akalaumu vumbi, akalaumu uzee wa taa. Mwisho hakubaki na kitu cha kulaumu. Lakini njia ile aliijua kwa mwili: tuta baada ya shule, kona inayovuta kulia, harufu ya tanuri la matofali kabla ya kituo cha tano. Vituoni alitegemea kiganja cha Redio na kelele za abiria. Gari zima lilikuwa linaona kwa niaba yake bila kujua, naye aliwaacha waendelee. Dereva mwenye roho mbaya anaweza kubaki kwenye usukani mpaka azeeke. Dereva asiyeona hamalizi hata safari moja watu wakijua. Dakika alipima mambo mawili hayo pale uwanjani, mguu mmoja ukiwa bado kwenye ngazi, akachagua roho mbaya.

Alikuwa amechagua bila kujua bei yake. Jumatano abiria walipanda wakasema shikamoo ya mdomoni tu, wakatazama madirishani. Kinyozi wa kituo cha kumi, mtu wa maneno machache, aliinama karibu na sikio lake wakati wa kushuka. "Nimekunyoa miaka ishirini," alisema, "sikujua kichwa hiki kina nini ndani." Mwanamke wa kituo cha kumi na mbili, aliyezoea kumpa salamu za kumpelekea huyo dada kila wiki, alipita mbele yake kama anapita mbele ya nguzo. Hata Redio alinyamaza kutoka kituo cha tatu mpaka cha tisa, na wazee wanasema haijawahi kutokea.

Wakati huo huo Dakika alianza kuogopa vituo. Alhamisi alitambaa kwenye kila kimoja, akikodoa macho mpaka yakatoa machozi, akaingia mjini amechelewa dakika kumi na moja. Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe alikuwa ndani, kiti cha mbele, kama kila Ijumaa alipokwenda mjini kushughulikia leseni na vipuri. Kituo cha tisa Dakika aliona mtu ameegemea nguzo. Akasimama vizuri kabisa, akafungua mlango, akangoja.

"Mzee," alisema Redio, "hilo ni gunia la mkaa."

Gari likaangua kicheko. Walidhani anafanya mzaha, anajaribu kurudisha upendo kwa watu aliowaudhi, na kwa sababu walikuwa wamechoka kumchukia walicheka zaidi ya ilivyostahili. Mkewe naye alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Dakika alifunga mlango. Leo gunia limekuwa mtu. Kesho ni mtu gani atakayegeuka barabara tupu? Alimsikia mkewe akicheka nyuma ya bega lake, na hofu iliyomwingia pale ilikuwa kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuipata kwenye njia ile, mvua na matope vyote pamoja.

Jumapili mchana mabasi hayakutoka. Dakika alikwenda kwa dada yake kwa miguu, kilomita sita, akiwa na pakiti ya sukari mkononi na uongo alioupanga njia nzima. Alimkuta chumba cha kushonea, mguu juu ya kigoda, vipande vya nyuzi sakafuni, cherehani imefunikwa. Dada hakumkaribisha, ila alisogeza lundo la nguo kutoka kwenye kiti cha pili.

"Dada, nimekuja kuomba msamaha," alisema Dakika. "Siku ile nilikuwa na hasira. Nilikuona nikashindwa kujizuia."

"Nyamaza."

Akanyamaza.

"Mimi ndiye niliyekulea," dada alisema. "Tangu mtoto, ukikasirika sikio lako la kulia hucheza. Ukidanganya unashika goti, kama unavyolishika sasa. Siku ile uligeuza uso ukanitazama hapa, usoni, na sikio halikucheza. Hukuwa na hasira hata kidogo. Ulinitazama kama unavyoitazama nguzo ya kituo."

Dakika aliachia goti. Maneno yakatoka yenyewe.

"Hata nguzo sikuiona, dada."

Dada alinyoosha mkono akamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango, akamkagua macho jicho moja baada ya jingine, kama anayekagua mshono.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, kabla ya mvua."

"Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Na Ijumaa anakaa kiti cha mbele."

"Anakaa kiti cha mbele," alisema Dakika, akafunika uso kwa mikono.

Dada alimwacha alie. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na goti lake lilikuwa bado linauma kwa sababu yake. "Siku tano wanakusema vibaya kwenye kila kituo," alisema mwishowe. "Wamekuja hapa kunipa pole, wanakupasua mbele yangu, nami nimefunga mdomo. Ningesema neno moja tu, wangekuacha. Nilitaka ulilete mwenyewe. Ulikuwa unangoja nini? Mpaka umgonge mtu?"

"Nikishuka kwenye ule usukani nitakuwa nani, dada? Niambie. Kuna kitu gani kingine ninachokijua?"

"Utakuwa mtu asiyeona vizuri. Wako wengi, wanakula na kulala kama sisi." Akajisogeza kwenye kiti, akakunja uso kwa maumivu. "Kesho nina ile miadi nyingine. Hospitali ile ile ina watu wa macho. Tutakwenda wote."

"Nitampa Mpole ufunguo leo jioni. Hakuna haja ya kutangaza."

"Ukinyamaza watabaki na lile la roho mbaya."

"Wabaki nalo. Lile nimeshalizoea."

"Mimi sijalizoea," alisema dada. "Wewe ni mdogo wangu wanayemsema."

Jumatatu asubuhi basi la kwanza lilikuwa limejaa. Dada alikuwa ameletwa uwanjani tangu Jumapili jioni, sasa amekaa kiti cha pili, fimbo katikati ya magoti, na abiria walioingia walimkuta hapo wakashangaa, kisha wakafurahi, maana hakuna kinachopendeza abiria wa asubuhi kama ndugu waliopatana. Mpole alisimama chini na ufunguo mkononi, anatazama viatu vyake. Dakika akapanda. Badala ya kukaa akageuka. Miaka thelathini na moja alikuwa amewapa mgongo watu hawa, na sasa alipowakabili hakuona nyuso. Aliona safu za vivuli vilivyonyamaza.

"Jumanne mlisema nimempita dada yangu kwa makusudi," alisema. "Na mimi nilikubali. Nilidanganya. Sikumwona. Sioni. Nina zaidi ya mwaka sioni vizuri, na nimewaendesha nyinyi na watoto wenu hivyo hivyo, kwa sababu sikutaka kuacha kuendesha. Lile gunia la Ijumaa halikuwa mzaha. Naomba mnisamehe, na asiyeweza ana haki yake. Kuanzia leo anaendesha Mpole."

Hakuna aliyepiga makofi, tusidanganyane. Mwanamume mmoja wa nyuma alisema, "Mungu wangu, mwaka mzima," na hakusema kwa upendo. Mama mmoja mwenye mtoto kiti cha jirani alimvuta mtoto akampakata, ingawa gari lilikuwa limesimama na injini imezimwa. Dakika aliisikia ile plastiki ya kiti ikilia alipomvuta, na ilimwuma kuliko maneno. Kisha yule mama aliyefungua mdomo siku ile akaufunga, akaufungua tena.

"Sisi tulimwona," alisema. "Wote tulimwona dada, tukanyamaza. Tungesema tu neno."

Watu wakainamisha vichwa. Dakika akageuka kutafuta ngazi, na pale chini alikuwepo mkewe. Ametoka ofisini tena, ametoka bila viatu. Alikuwa amesikia yote kwenye dirisha.

"Nimekuwa nikiandika ule ubao kwa herufi kubwa mwaka mzima," alisema polepole. "Nilijua kusoma kunakushinda. Nikajiambia ni kusoma tu." Akamshika mkono wa shati, hapo penye kifungo, akakishikashika kifungo hicho kama kinataka kukatika. "Ungeniambia mimi, baba. Mimi kwanza."

"Najua."

"Kaa basi. Saa imefika."

Kilikuwa kimebaki kiti kimoja, kando ya dada yake. Dakika akakaa. Hakuwahi kukaa kwenye kiti cha abiria katika gari lake mwenyewe, na hakujua mikono inawekwa wapi. Mpole akawasha injini, akatoka uwanjani taratibu. Gari lilipofika kituo cha kwanza, mguu wa kulia wa Dakika ukakanyaga sakafu kabla ya Mpole kukanyaga breki. Kituo cha pili ukakanyaga tena. Kwenye tuta la shule, kwenye kona, kwenye harufu ya tanuri, kila mahali mguu ule ulitangulia, na kila mara chini yake hapakuwa na kitu. Dada aliuona. Kituo cha sita akaweka kiganja juu ya goti la mdogo wake.

"Acha," alimwambia taratibu. "Mwenzako anaendesha."

Dakika akaurudisha mguu chini ya kiti. Halafu akaanza kulia, si kwa sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, mtu mzima kati ya abiria arobaini. Wote walimwona, na kwa mara ya pili kwenye njia ile wote wakanyamaza. Redio, ambaye siku zote huanza kukusanya nauli kiti cha mbele, alitoka mlangoni, akapita hadi mwisho wa gari bila kumtazama mtu, akaanzia nyuma.